Dirisha la duara, la mraba au la tao?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni Mkenya ninayefundisha chekechea mjini Birmingham. Mwalimu mwenzangu, mama wa makamo, kila anapotaka kuwahamishia watoto kwenye shughuli mpya huwauliza, "Leo tupitie dirisha gani?" na walimu wa rika lake huangua kicheko. Nimeambiwa asili yake ni kipindi cha zamani cha televisheni kiitwacho Play School. Kilikuwa kipindi cha namna gani, na hayo madirisha yalikuwa na kazi gani?
Mwalimu wa chekechea, Birmingham

JIBU: Mwalimu, mwenzako ni mtoto wa Play School, na wako wengi Uingereza. Kipindi hicho kilirushwa na BBC kuanzia tarehe 21 Aprili 1964 hadi mwaka 1988, kikiwalenga watoto wasiofikia umri wa kuanza shule. Kuzaliwa kwake kulikuwa na kisa: stesheni mpya ya BBC2 ilipangiwa kuzinduliwa kwa mbwembwe usiku wa kuamkia siku hiyo, lakini moto katika kituo cha kufua umeme cha Battersea ukaitia giza sehemu kubwa ya London magharibi, sherehe zikaahirishwa, na kesho yake saa tano asubuhi ikawa ni kipindi cha watoto wadogo kilichofungua ratiba ya stesheni nzima.

Studioni palikuwa na nyumba yenye madirisha matatu, la duara, la mraba na la tao. La pembetatu liliongezwa mwaka 1983. Mtangazaji aliwaomba watoto wakisie ni lipi litakalopitiwa siku hiyo, kisha kamera ikalisogelea polepole mpaka mtoto akajikuta nje ya studio kabisa, akitazama filamu fupi ya kiwanda, shamba au wanyama. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ustadi wa waandaaji ulipo, kwa sababu mtoto alijifunza majina ya maumbo bila kuambiwa kwamba anafundishwa. Alichojali yeye ni kama amekisia sawasawa. Hali kadhalika saa ya ukutani: mtoto alisomewa mishale yake, huku chini yake kisahani kikizunguka na vitu vilivyodokeza hadithi iliyokuwa ikifuata.

Mwanzilishi wake, Joy Whitby, hakutaka watangazaji wa kujikweza. Brian Cant, aliyekuja kuwa kipenzi cha watazamaji, alisimulia kwamba siku ya majaribio aliwekewa boksi tupu la katoni na kuambiwa apige makasia mpaka baharini. Akaingia, akapiga makasia, akaopoa majini kiatu cha mpira kilichojaa kastadi. Alipata kazi. (Wewe unayeshinda na watoto wa miaka 3 utaelewa kwa nini.) Watangazaji wake walizungumza na kamera kana kwamba mbele yao ameketi mtoto mmoja tu, wala si umati, na vifaa vyao vilikuwa makorokoro ya nyumbani, yaani maboksi, gundi na vipande vya vitambaa, ambavyo mtoto yeyote angeweza kuviokota jikoni kwao mara kipindi kinapokwisha.

Walikuwapo pia wanasesere: Humpty aliye kama yai, dubu wawili, mkubwa na mdogo, Jemima wa vitambaa, na Hamble, mdoli wa plastiki ambaye watangazaji wenyewe hawakumpenda hata kidogo. Hamble aliondolewa katika miaka ya 1980, nafasi yake ikachukuliwa na Poppy, mdoli mweusi. Badiliko hilo halikuwa dogo katika nchi ambayo watoto wengi weusi walikuwa hawajioni kwenye televisheni, ingawa kwa upande wa watangazaji mlango ulikwisha kufunguliwa mapema zaidi: Paul Danquah alikuwamo tangu miaka ya 1960, na Floella Benjamin, mzaliwa wa Trinidad, alijiunga mwaka 1976, nywele zake zikiwa zimesukwa na kutiwa shanga. Mama huyo sasa ni mjumbe wa Bunge la Malordi.

Uingereza ilikifunga kipindi hicho, lakini Australia, iliyoanzisha chake kwa jina lilelile mwaka 1966, inakiendeleza mpaka leo, madirisha yakiwamo. Mwenzako akiuliza tena, wewe mjibu, "La duara." Ndilo wanaolikumbuka zaidi.