Msimu mgumu ni ule ambao shamba halina mavuno

Swali la wiki la jarida hili lilikuwa hili: ni msimu upi unaomlemea zaidi mkulima mdogo wa mboga za kilimo hai? Nadhani wengi watataja palizi au mavuno, na sitawabishia kwamba kazi hizo huchosha mwili. Hata hivyo, kwangu mimi ninayelima mboga bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali, msimu mgumu ni ule wa katikati, mavuno ya mwisho yakishatoka na miche mipya ikiwa bado haijaingia ardhini, wakati ambapo mpita njia huona matuta matupu na kudhani kwamba mwenye shamba amepumzika.

Anayetumia kemikali ana nafasi ya kurekebisha mambo mazao yakiwa yamesimama shambani. Majani ya kabichi yakianza kuwa manjano kwa kukosa naitrojeni, hutia urea, na haupiti muda mrefu kabla rangi haijarudi. Sisi hatuna njia hiyo ya mkato, kwa sababu chakula ambacho kabichi itakihitaji lazima kiwe kimeandaliwa miezi kadhaa kabla, ama ndani ya lundo la mboji, ama kwenye mizizi ya mikunde iliyopandwa kwa ajili ya kufukiwa. Ukizembea wakati huo, msimu wote unaofuata utakudai.

Mboji ndiyo inayokula nguvu nyingi zaidi. Mabua na majani makavu hupangwa kwa zamu na majani mabichi na samadi, kwa kulenga uwiano wa sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mchanganyiko ukikaa sawa, joto la ndani hupanda katika siku chache hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi, kiasi cha kuua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Mimi huchomeka nondo katikati ya lundo na kuichomoa baada ya muda: ikitoka moto hata mkono ukashindwa kuishika, vijidudu vinafanya kazi, ikitoka vuguvugu na kavu, lundo linadai maji, na harufu kali ya amonia ikipanda puani, najua malighafi mabichi yamezidi na mabua yanahitajika. Kisha huja kazi ya kulipindua lote, nje kuingia ndani, na kazi hiyo haifanywi mara moja tu.

Wakati huohuo kuna kazi ya daftari, ambayo watu wa nje hawaioni kabisa. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni jamii moja na huambukizana magonjwa yaleyale yanayobaki udongoni, hivyo haifai kufuatana katika tuta moja. Ugonjwa wa kuvimba mizizi ya kabichi ni mbaya zaidi, kwa kuwa viini vyake vinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 vikisubiri mmea wa jamii hiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu ni lazima kujua kila tuta lilibeba nini miaka iliyopita, na mbegu zilizobaki nazo zipimwe uotaji, hasa za vitunguu, ambazo hupoteza nguvu mapema kuliko za nyanya.

Karoti zinastahili kutajwa peke yake. Huchukua hata wiki mbili au tatu kuchomoza, na magugu hayazisubiri. Dawa yake ni kutayarisha tuta mapema, kulimwagilia kana kwamba limekwisha kupandwa, kuyaacha magugu yaote, kisha kuyakwangua juu juu bila kuugeuza udongo, ili mbegu nyingine za magugu zisiletwe kwenye mwanga. Ndipo karoti husiwa. Siku unayokwangua tuta ambalo halina zao lolote ndiyo inayookoa siku nyingi za kung'oa magugu kwa vidole katikati ya miche laini.

Mikunde ya kufukiwa nayo ina wakati wake. Mimi hung'oa mche mmoja inapokaribia kuchanua na kupasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, bakteria wanatega naitrojeni ya hewani, na ninaweza kufyeka na kufukia.

Ugumu mwingine, ambao kwa maoni yangu hauzungumzwi vya kutosha, ni fedha. Kazi zote hizo hufanywa wakati ambapo hakuna kikapu hata kimoja cha kuuza. Ndiyo maana napenda sana mpango wa walaji kulipia mapema sehemu ya mavuno na kugawana na mkulima hasara ya msimu mbaya, mpango uliofanyika Japani tangu miaka ya 1970 na kuanza Marekani mwaka 1986. Malipo yanayofika matuta yakiwa matupu ndiyo yanayonunua mbegu kwa wakati na kumlipa kibarua anayepindua mboji.