Fundi wa kamera anajibu: Leica ya dhahabu yenye tai

SWALI: Shikamoo fundi. Hapa Mji Mkongwe muuzaji wa vitu vya kale amenionyesha Leica, kamera ya Kijerumani, ya rangi ya dhahabu, juu imechorwa tai na maneno ya Kijerumani. Anasema ilikuwa ya rubani wa Vita Kuu ya Pili, anataka shilingi milioni moja na nusu. Ninunue?
Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba. Usitoe hela bado. Nina wasiwasi mkubwa kwamba hiyo ni FED au Zorki, kamera za Kisovieti, iliyovuliwa jina lake. FED ilianza kutengenezwa Kharkiv, Ukraina, mwaka 1934, katika jumuiya ya vijana waliookotwa mitaani wakafundishwa kazi. Waliiga Leica II karibu kila kipande. Zorki ikafuata mwaka 1948 huko Krasnogorsk, jirani na Moscow. Baadaye wajanja wakafuta maandishi ya Kirusi, wakachora tai na "Leica", wakapaka dhahabu. Leica za dhahabu za kweli zipo, ila zile za kifahari zilizotoka kati ya 1929 na 1931 hazikufika mia.

Mwombe akuruhusu kufungua lenzi. Ni ya skrubu. Chungulia ndani ya tundu, upande wa juu. Utaona mkono mdogo unaosukumwa na lenzi ili taswira mbili za kitu kimoja, unazoziona kwenye kidirisha cha kupimia umbali, zikutane. Kwenye Leica, ncha ya mkono huo ni kigurudumu kidogo cha duara. Kwenye FED na Zorki ni kipande cha chuma chenye umbo la ulimi. Ukiukuta ulimi, habari ya rubani imeishia hapo.

Hata hivyo usiiache kwa hasira. FED nzima ni kamera ya kutumia, na mimi naipenda. Kinachoniuma ni kwamba kazi ya vijana wale imefunikwa kwa alama ya jeshi lililouvamia mji wao. Mpe bei ya FED, tai usimlipie hata senti.

Kabla ya kulipa, kagua pazia la kitambaa lililo nyuma ya lenzi. Kamera hizi hazina kioo cha kuakisi cha kulikinga, hivyo ukiiacha bila kifuniko huku lenzi inalitazama jua, pazia linatoboka. Kisha zungusha lenzi hadi alama ya mbali kabisa, elekeza kwenye mnara ulio mbali: taswira mbili ziwe moja. Na kasi ibadilishe baada ya kuvuta mkanda, kabla yake hapana.

SWALI: Ndani ya lenzi yangu ya Kisovieti, Jupiter-8, kumeota kitu kama utando wa buibui. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Huo ni ukungu, na unyevu wa pwani ndio unaoulisha. Wahi, maana ukikaa sana unakula tabaka la juu la kioo na alama haitoki tena. Toa lenzi kwenye mkoba wa ngozi, iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Fundi atakayeifungua atie alama kwenye pete kabla hajazitenganisha: nyuzi zake za skrubu zina mianzo kadhaa, yaani sehemu zaidi ya moja za kuanzia kukaza, na akikosea mwanzo, lenzi itapima umbali wa uongo.