Kabla hujanunua draya ya wati 2000, soma habari za draya ya wati 100

Wengi wanaoniuliza wanunue draya gani huanza na wati. "Dada, hii ina 2200, inafaa?" Na mimi huwarudishia swali: unataka kukausha nywele au kuzinyoosha? Hizo ni kazi mbili. Draya ya mkono, ile yenye umbo la bastola iliyoko kila saluni, ni hodari wa kunyoosha. Kwenye kukausha nywele ndefu, hasa za kipilipili zilizoshiba, inakuchosha mkono, inaunguza ncha, na kisogoni inaacha maji. Kwa kazi hiyo kuna draya ya kofia, chombo kilichovuma Marekani miaka ya hamsini kisha kikasahaulika, nacho ndicho ninachokitumia mimi. Nitakifikia.

Nywele zangu ni za asili na zimepita mabega. Naishi Dar es Salaam, ambako wakati wa masika unaweza kuosha nywele asubuhi, ukasuka mabutu, na jioni ukiyafumua ukute ndani bado mbichi. Kulala na nywele mbichi kila wiki kunaleta uvundo na muwasho ambao hakuna marashi yanayoufunika. Ndipo nikaanza kufuatilia waliokuwa na nywele za kufika magotini, kabla ya umeme, walikuwa wakizikaushaje.

Kwanza kabisa, hawakuwa wakiosha mara kwa mara. Ulaya na Marekani ya karne ya 19, kuosha nywele ndefu ilikuwa shughuli ya siku nzima, na kwenye baridi ilikuwa shughuli ya kuogopwa. Mwanamke aliupa moto mgongo, nywele akazitandaza nyuma ya kiti, akakaa. Siku za jua alitoka nje. Kuna ndugu saba wa kike waliopata utajiri kwa nywele zao, akina Sutherland wa jimbo la New York. Nywele zao zikijumlishwa zilifika futi 37, zaidi ya mita 11. Walizunguka na sarakasi wakiimba, kisha wakageuza mgongo watu waone nywele zikiburuzika, na dawa ya kukuza nywele yenye jina lao ikauzwa kwa fedha nyingi. Mimi nikitazama picha zao siwazi dawa. Nawaza siku ya kuosha: vichwa saba, nyumba moja, na theluji nje!

Huko Venice ya karne ya 16 walikuwa na ujanja ninaoupenda zaidi. Wanawake walipanda kwenye mabaraza ya mbao juu ya mapaa wakiwa wamevaa kofia isiyo na utosi, yaani ukingo mpana peke yake. Nywele zilitolewa juu kupitia lile tundu na kutandazwa pande zote juu ya ukingo, jua likazipiga huku uso uko kivulini. Shabaha yao ilikuwa kuzifanya ziwe na rangi ya dhahabu, na walizipaka dawa kwa ajili hiyo. Lakini jambo la kuiga ni ule utandazaji. Nywele zilizorundikwa hazikauki hata uzipelekee jua la Dodoma.

Kwetu pwani, na kwa Wahindi wa kusini vilevile, nywele zilizotoka kuoshwa hufukizwa. Chetezo kinawekwa chini, udi au ubani juu ya kaa, nywele zinashikiliwa moshi upite katikati. Mimi nafukiza hadi leo, ila nywele zikiwa zimeshakauka au karibu. Kaa moja la udi si moto wa kukausha kitu, na ukilazimisha kwa kuongeza makaa unaitafuta ajali.

Mashine zenyewe zilianza saluni. Kuelekea mwaka 1890, mtengeneza nywele Mfaransa aitwaye Alexandre-Ferdinand Godefroy alibuni kofia iliyounganishwa kwa bomba na jiko, hewa ya moto ikapanda hadi kichwani kwa mteja aliyekaa chini yake. Aliweka na tundu la kutolea mvuke, na ninamsifu kwa hilo, maana bila hilo angekuwa anapika kichwa. Kilikuwa chombo kikubwa, hakihami, na hakikuwa na feni ya kusukuma hewa. Nyumbani hakikufaa.

Wa nyumbani wakajitafutia yao. Mashine za kufyonza vumbi zilipoanza kuingia majumbani mwanzoni mwa karne ya 20, kila mwenye nayo aliona kwamba inavuta hewa upande mmoja na kuitoa upande wa pili, tena imepashwa kidogo na mota. Basi wakachomeka bomba upande wa kutolea, wakajielekezea kichwani. Yalikuwepo hata matangazo ya kuisifia kazi hiyo, mwanamke ameketi anatabasamu na bomba mkononi. Sikushauri ujaribu, vumbi la zulia si la kupuliziwa kichwani. Ila wale wanawake walikuwa wameshalijua jambo ambalo wauza draya wa leo hawalisemi: uvuguvugu unatosha, mradi hewa iwe nyingi na iwe inatembea.

Ujerumani, kampuni ya AEG ikawa miongoni mwa za kwanza kutoa draya ya kushika mkononi. Zile za mwanzo zilikuwa za chuma na zilikaribia kilo 2. Miaka ya 1920 draya za mkono zikaenea Marekani, zikapungua uzito hadi chini kidogo ya kilo moja, lakini nyingi zilikuwa na wati 100 tu hivi. Hebu tupige hesabu. Wati 100 kwa saa nzima, hata joto lote lingeingia kwenye maji bila kupotea hata chembe, lingevukiza kama gramu 150 za maji. Robo kilo haifiki! Na mtu ameshikilia chuma cha karibu kilo moja juu ya kichwa chake saa hiyo yote, mota ikipata moto mkononi.

Kinachonichekesha ni wakati zilipofika. Miaka hiyohiyo ya 1920 ndipo wasichana wa Ulaya na Marekani walipoamua kukata nywele usawa wa masikio. Biashara ya dawa ya akina Sutherland ikafifia kwa sababu hiyo. Kwa hiyo draya ya mkono ilikulia kwenye vichwa vyenye nywele fupi, na naona umbo lake linasema hivyo hadi leo: mdomo mwembamba, upepo mkali, sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Nywele ndefu zilibaki na kofia ya saluni.

Mwaka 1951 kofia hiyo ikahamia nyumbani. Kisanduku kidogo chenye feni na waya wa joto, bomba linalopindika, na mwisho wake kofia laini kama ya kuogea, yenye matundu kwa ndani. Unaivaa, unawasha, inavimba, hewa inaingia kichwa kizima kwa pamoja. Mikono yako iko huru. Wenzetu walipaka rangi za kucha, sisi tunachambua mchele.

Cha kwangu nilikipata kwenye duka la mtumba wa Ulaya pale Darajani, Unguja. Ni cha wati 500. Ninavyokitumia ni hivi.

Kazi kubwa unaifanya kabla ya kugusa umeme. Unywele wenyewe hunywa maji hadi karibu theluthi moja ya uzito wake, na hayo hayana njia ya mkato. Mengi mengine yamening'inia nje, na hayo ni ya kukamua, usiyalipie umeme wa LUKU. Nakamua kwa fulana kuukuu ya pamba, kutoka mizizi kushuka kwenye ncha, bila kusugua, kisha nazifunga nayo mpaka chai iishe. Taulo la manyoya napumzika nalo, linavuta na kufumua. Halafu krimu, mafuta kidogo, na kugawa mabutu. Yawe malegevu, maana butu lililobana linakauka ganda tu. Ninapofika kama nusu ya safari huyafumua, yaliyokuwa ndani yakaja nje, nikasuka upya.

Kofia naivaa ncha zikiwa zimetawanywa utosini, si zimebanwa kisogoni. Chini ya ukingo wake nakunja kipande cha kanga kuzunguka paji na masikio, vinginevyo mpira unachoma. Joto ni la chini. Hakuna haja ya kuhukumu nywele zikiwa za moto, kwa sababu nywele za moto hudanganya, zinaonekana zimekauka. Mwishoni geuza hewa ya baridi kwa dakika chache, kisha shika kisogoni, karibu na ngozi. Hapo ndipo maji hujificha.

Wapo watakaosema afadhali upepo wa Mungu tu, usio na gharama. Nami niliamini hivyo muda mrefu. Ila mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini walichapisha majaribio waliyofanya kwa vishungi vya nywele. Draya ya karibu sana, sentimita 5, ilifikisha nyuzi 95 na ikaharibu sana sehemu ya nje ya nywele. Kwa umbali wa sentimita 15 joto lilikuwa nyuzi 47, na vile vishungi vilivyokaushwa kwa umbali huo, draya ikitembezwa bila kusimama, viliumia kidogo kuliko vilivyoachwa vikauke vyenyewe, kwa sababu kukaa na maji muda mrefu nako kuliathiri sehemu ya ndani inayoshikanisha seli. Vilikuwa vishungi, si kichwa cha mtu, lakini kwangu kimetosha kuacha kujivunia nywele zinazoshinda mbichi. Kwa hiyo draya ya mkono sijaitupa. Naitumia mwishoni, kwenye mizizi, umbali wa shibiri moja kasoro kidogo, mkono ukitembea.

Kuhusu kununua. Siku hizi zinauzwa kofia peke yake, za kuchomeka kwenye mdomo wa draya uliyonayo. Ni rahisi na zinafanya kazi, ila weka joto la chini kabisa: kofia inabana njia ya hewa, na draya ya wati 2000 ikikosa pumzi inazimika au inaungua. Kwa upande wa umeme, wati 2000 kwa nusu saa ni uniti moja, wakati kisanduku changu kinaila uniti hiyo kwa saa mbili.

Shangazi akikuletea draya kutoka Marekani, geuza usome kibandiko kabla ya kushukuru. Ikiandikwa 120V peke yake, soketi yetu ya volti 230 itaiua siku hiyohiyo, na adapta ya kubadili plagi haipunguzi volti. Transfoma ya kubeba wati zaidi ya elfu moja ni nzito na inagharimu kuliko draya yenyewe, heri umwambie akuletee viatu.

Za mtumba za miaka ya 1970 kurudi nyuma, hata zikivutia vipi, ziweke kabatini kama pambo. Nyingi zilikuwa na asbesto karibu na waya wa joto, na hewa ilipita hapohapo kabla ya kufika puani. Marekani watengenezaji walikubali kuziondoa sokoni mwaka 1979 baada ya habari hizo kutangazwa. Na mtumba wowote mwingine mpelekee fundi aufungue kwanza. Atazame waya ulioliwa, na asafishe nywele za watu wengine zilizosokotana kwenye feni, maana hizo ndizo zinazotoa ile harufu ya kuungua ukiiwasha mara ya kwanza.