Seva isipopata majina, anza na getent

Katika ofisi ninazozihudumia hapa Mtwara, na mara nyingine Lindi, lalamiko huja kwa maneno yaleyale: "Fundi, mtandao umekata." Mara nyingi mtandao upo. Kabla mtu hajazima ruta, mimi huiagiza seva ya Linux iifikie anwani ya nje kwa namba, kwa mfano ping 8.8.8.8, na ikijibiwa najua kwamba njia iko wazi na kinachosumbua ni utafutaji wa majina (DNS), yaani kugeuza jina la mtandaoni kuwa anwani ya namba.

Hapo wengi hukimbilia dig. Ni amri nzuri, lakini huiuliza seva ya majina moja kwa moja na kuziruka faili za /etc/hosts (orodha ya majina na anwani iliyomo kwenye mashine) na /etc/nsswitch.conf (inayopanga wapi patafutwe kwanza), ambazo programu nyingi huzipitia kwanza. Kwa hiyo naanza na getent ahosts, ikifuatwa na jina ninalolitafuta, kwa sababu hupita njia ileile inayopitwa na programu hizo. Majibu ya amri hizo mbili yakitofautiana, usihangaike na kampuni ya intaneti; kasoro imo ndani ya mashine. Msimu mmoja wa korosho, programu ya chama cha msingi ilikuwa ikipeleka taarifa za mizigo ya ghalani kwenye anwani ya zamani, ingawa dig ilionyesha mpya. Katika /etc/hosts kulikuwa na mstari ulioachwa na fundi aliyetangulia, na kwa kuwa nsswitch ilisema "files dns", faili hiyo ilisomwa kwanza na DNS haikuulizwa kabisa. Kuufuta mstari huo kulitosha.

Getent na dig zikishindwa zote, soma hali ya jibu la dig. NXDOMAIN maana yake jina halipo, basi hakiki tahajia. SERVFAIL inasumbua zaidi: seva ya majina imepokea swali lakini imeshindwa kulikamilisha. Kama unaendesha seva yako ya majina inayohakiki DNSSEC (saini za kidijitali zinazothibitisha majibu ya DNS), tazama saa yake kwanza, kwani mashine ambayo betri ya saa imekufa huweza kuamka baada ya umeme kukatika ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, na saini halali zikakataliwa. Kusipokuwa na jibu lolote, kagua kama ukuta wa moto (firewall) umefungua porti 53, mlango wa DNS, kwa UDP na kwa TCP pia, njia mbili za kusafirisha data. Anayefungua UDP peke yake atashangaa majina machache tu, yale yenye majibu marefu, yakikwama.

Kuna pia seva isiyokosea ila inachelewa. Kwenye Linux, kwa kawaida kila swali husubiri sekunde 5 kabla ya kujaribu seva ya majina inayofuata, kwa hiyo ya kwanza katika /etc/resolv.conf, faili inayoorodhesha seva za majina, ikiwa imekufa, kila kitu huonekana kizito. Kuongeza mistari hakusaidii, kwani ni nameserver 3 tu zinazosomwa.

Kabla ya kuihariri faili hiyo, andika ls -l /etc/resolv.conf. Ukikuta ni kiungo (symlink) kinachoelekeza kwenye faili nyingine, na ndani yake mna 127.0.0.53, anayeisimamia ni systemd-resolved, huduma ya Linux ya kutafuta majina, na utakachoandika kwa mkono huenda kikafutika. Tumia resolvectl status uone seva halisi zinazoulizwa, rekebisha kwenye mipangilio ya mtandao, kisha toa amri ya resolvectl flush-caches ili majibu ya zamani yaliyohifadhiwa yasikupotoshe unapojaribu upya.