Wasomaji Wanauliza: Kuchonga Ngozi kwa Mkono

Barua za mwezi huu kutoka Bukavu, Goma na Lubumbashi zinahusu kuchonga maua na michoro kwenye ngozi. Waandishi wake si mafundi wa kulipwa. Ni watu wanaoifanya kazi hii kwa kuipenda, jioni au mwisho wa wiki. Barua tumezifupisha.

Ndugu wahariri, hapa Bukavu tuko kikundi kidogo, vijana na akina mama, tunaokutana Jumapili baada ya ibada kuchonga ngozi. Wanaoanza wanaficha vipande vyao, wanaona haya mbele ya waliotangulia, na baadhi wameacha kuja. Tufanye nini ili wapate moyo? — Msomaji wa Kadutu

Ndugu yetu, haya inatokana na kile mnacholeta mezani. Mkileta mkanda au mkoba uliokwisha, kinachohukumiwa ni mtu mwenyewe, na anayeanza hana la kujitetea. Leteni vipande vya majaribio. Kila mmoja akate mraba wa sentimita 10 kwa 10, wote mchonge mchoro mmoja, na nyuma ya ngozi kila mmoja aandike kwa penseli: ngozi ni ya aina gani, unene wake milimita ngapi, ililowekwa lini, ilichongwa saa ngapi baada ya kutolewa kwenye mfuko wa plastiki inamolala ikiwa na unyevu, na mihuri ipi (vyuma vyenye umbo vinavyopigwa kwa nyundo juu ya ngozi) ilitumika kwa mpangilio gani. Msitumie kalamu ya wino, kwa sababu husambaa ngozi ikiwa na unyevu.

Maelezo hayo ya nyuma yana thamani kuliko sifa. Mama akiona jani lake limetoka butu na la jirani limesimama, ageuze vipande vyote viwili asome: huyu alichonga ngozi ikiwa bado imeloa chapachapa, yule alisubiri saa mbili. Hapo hakuna wa kumwonea haya mwenzake. Kuna saa mbili za tofauti. Waliotangulia nao walete vipande vyao vya majaribio, si kazi zao bora peke yake. Halafu badilishaneni: kila mtu arudi nyumbani na kipande cha mwingine, akipapase kwa kidole, maana kina cha mchoro hujulikana vizuri zaidi kwa kidole kuliko kwa jicho.

Katika kutoa maoni, fuateni mpangilio wa kazi yenyewe. Anzeni na ukataji wa kisu, kwa sababu kila kitu kinakaa juu yake. Kisha unyevu, kisha namna kingo zilivyokandamizwa. Mtu aambiwe jambo moja la kubadilisha katika kipande kinachofuata, na aelezwe sababu yake. Akiambiwa mambo saba kwa mpigo hatayashika, na akiambiwa "nzuri sana" tu hatajua arudie nini.

Mchoro wa kuanzia uwe jani moja lenye mkunjo. Wengi huwapa wapya mistari iliyonyooka wakidhani ni rahisi, kumbe mstari mrefu ulionyooka ndio unaoonyesha kila mtetemo wa mkono, mkunjo husamehe. Mkono ukitulia, hamieni kwenye msalaba wa shaba wa Katanga, ule wa mikono minne uliotumika kama fedha kabla ya ukoloni. Kingo zake ni fupi, na ukikandamiza ngozi kwa nje tu, umbo linainuka lenyewe. Maua ya mtindo wa Sheridan, kutoka mji huo wa Wyoming, Marekani, ambamo shina huzunguka ua kwa duara, yasubiri. Ni mazuri sana, lakini yana mistari mingi inayokutana, na mahali mistari inapokutana ndipo anayeanza huharibu.

Kuhamisha mchoro, uchoreni juu ya plastiki angavu ya kufunikia madaftari, ulazeni juu ya ngozi yenye unyevu, pitisheni kalamu ya bic iliyokwisha wino bila kukandamiza sana. Karatasi ya kawaida hulowa na kuchanika. Kaboni msiiguse: alama yake haitoki kwenye ngozi. Mchoro ukiwa wa mtu mwingine, jina lake liandikwe nyuma pamoja na hayo mengine.

Na mkitumiana picha kwa simu, zimeni mwanga wa simu. Wekeni kipande karibu na dirisha, mwanga uje kutoka pembeni na chini, ili vivuli vionyeshe kina. Wekeni rula kando.

Nimenunua ngozi nzuri laini sokoni. Nikipiga muhuri alama inaonekana, baada ya saa moja imepotea. Kosa liko kwenye mkono wangu au kwenye muhuri? — Msomaji wa Himbi, Goma

Liko kwenye ngozi. Karibu ngozi zote laini za mikoba na viatu zimetengenezwa kwa chumvi ya metali iitwayo kromu. Kromu huifanya ngozi inyumbuke na kustahimili maji, na kwa sababu hiyohiyo inarudi mahali pake ukishaikandamiza. Kuchonga kunahitaji ngozi iliyotengenezwa kwa tanini, ile dawa ya asili iliyomo katika magome ya miti. Hiyo ni ngumu kidogo, hunywa maji, na ikikandamizwa ikiwa na unyevu hubaki hivyo. Miti ya miwati inayolimwa Njombe, Tanzania, ililetwa kwa ajili ya magome yake. Tanini yake hutumika viwandani hadi leo.

Kabla ya kununua, angalia ukingo uliokatwa. Ngozi ya kromu mara nyingi huonyesha kijivu au kibuluu katikati. Ya magome ni ya rangi ya udongo mwepesi kutoka juu hadi chini. Tone la maji juu ya ngozi ya magome isiyopakwa kitu huzama na kuacha doa jeusi-jeusi kwa muda. Tone likisimama juu kama shanga, ngozi ni ya kromu au imepakwa rangi ya plastiki, na zote mbili hazikufai. Ukiwa bado na shaka, omba kijiti cha sentimita 1 kwa 5, kitie katika maji yanayochemka kwa dakika moja. Cha magome kitajikunja na kukakamaa. Cha kromu kitabaki karibu kilivyokuwa.

Waulize mafundi wa viatu ngozi ya soli ya ndani na ya mikanda, huko ndiko ya magome hupatikana. Kwa mkanda tafuta milimita 3 hadi 3.5, kwa nje ya pochi, 2 hadi 2.5. Chini ya milimita 1.5 usichonge kwa kisu, piga mihuri tu. Chukua sehemu ya bega au mgongo. Tumbo ni la bei rahisi, lakini hulegea na mchoro hupinda ukikauka.

Ninailowesha ngozi vizuri kabisa kwa maji ya ziwa, lakini michoro yangu haina ile rangi ya kahawia iliyoiva ninayoiona kwa wengine, na ngozi yote imekuwa nyeusi-nyeusi. — Msomaji wa Ibanda, Bukavu

Hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni maji. Maji ya Ziwa Kivu yana magadi mengi, pH yake (kipimo cha uchachu na magadi) juu ya ziwa ni karibu 9, na ngozi ya magome ikikutana na magadi hugeuka nyeusi na kupoteza uzuri wake. Tumia maji ya mvua, lakini acha mvua ya kwanza ipite, na usikinge kutoka bati lenye kutu: chuma kikikutana na tanini hutoa madoa ya buluu-nyeusi. Ni kemia ileile iliyotumika kutengeneza wino wa zamani.

La pili, unachonga mapema mno. Rangi ile iliyoiva hutokea pale chuma kinapokandamiza ngozi iliyo karibu kukauka. Ngozi iliyojaa maji humeza muhuri, huonekana kama inakubali, kisha hupanda tena.

Fanya hivi. Usiku, pitisha sifongo lenye maji pande zote mbili hadi rangi ibadilike sawasawa. Ya milimita 3 au zaidi unaweza kuizamisha sekunde chache. Ifunge katika mfuko wa plastiki, iache saa 8 hadi 12, ili maji yafike katikati. Asubuhi itoe, iweke wazi. Subiri hadi rangi ya juu irudi karibu ilivyokuwa ikiwa kavu, lakini ukiiweka shavuni bado ina ubaridi. Huo ndio wakati wa kukata. Unapomaliza kukata, itakuwa imefikia wakati wa mihuri. Kisu kikianza kukwama na kuvuta, au muhuri ukaacha alama hafifu isiyo na rangi, imekauka kupita kiasi: pitisha sifongo jepesi juu ya kipande chote. Ukilowesha sehemu moja tu, ukingo wa maji utabaki kama ramani.

Kabla ya kuanza, bandika utepe mpana wa kufungia katoni upande wa nyuma. Bila huo, kipande cha sentimita 20 kinaweza kurefuka kikakataa kulingana na sehemu nyingine ya mkoba. Na usiiache mfukoni ikiwa na maji zaidi ya siku mbili. Kwa unyevu wa Bukavu ukungu hauchelewi.

Wasomaji wa Lubumbashi wana shida ya upande wa pili. Kati ya Mei na Septemba hewa huko ni kavu mno, kipande hukauka mkononi. Funika kwa plastiki sehemu ambayo hujaifikia, fanyia kazi kiganja kimoja cha ngozi kwa wakati.

Mihuri ya kununua ni ghali. Naweza kujitengenezea? Na ni ipi ya lazima? — Msomaji wa commune ya Kenya, Lubumbashi

Unaweza, na tunakuhimiza. Mitatu inatosha mwaka mzima: wa kukandamiza ukingo, wa umbo la tunda la pea kwa vivuli vya majani, na wa kukandamiza mandharinyuma. Tafuta bolti za milimita 8, zenye urefu wa sentimita 10 hadi 11, ukate vichwa.

Wa ukingo ndio muhimu kuliko yote. Piga tupa uso wake uwe mteremko: upande mmoja umetokeza, upande mwingine unapanda hadi kuisha. Upande uliotokeza ndio unaoingia katika mkato wa kisu. Pembe zote zilainishwe, kwa sababu pembe kali hukata ngozi badala ya kuikandamiza. Sugua kwa msasa wa 400, kisha 800, kisha 1200, hadi uone mwanga. Kila mkwaruzo utakaouacha utajichapa kwenye ngozi. Wa mandharinyuma, piga mistari ya kukatana kwa tupa ya pembetatu ndogo.

Bolti tupu ya chuma itaacha madoa meusi kwenye ngozi yenye unyevu. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu, au tumia fimbo ya shaba ya njano. Doa likishatokea, lifute upesi kwa maji ya limau, kisha kwa maji safi.

Piga kwa nyundo ya mbao ngumu ya gramu 400 hadi 500. Ya chuma huvimbisha kichwa cha muhuri. Chini weka kipande cha granite cha unene wa sentimita 4 au 5, mabaki kutoka kwa watengeneza makaburi. Wasomaji wa Goma wana jiwe la volkano bure, ila lichaguliwe lile zito lisilo na matundu, likatwe na kusuguliwa tambarare. Mpira wa tairi chini ya jiwe utawapunguzia majirani kelele.

Kosa la kawaida katika kukandamiza ukingo ni kuruka: mtu anapiga, anahama upana mzima wa muhuri, anapiga tena, na mstari unatoka na ngazi-ngazi. Usiunyanyue. Utelezeshe milimita 1 au 2 huku unapiga kwa wepesi, kila pigo likalie nusu ya lililotangulia.

Kisu nacho si cha kubuni sana: ni kile chenye kishikizo kinachozunguka na kiti cha kidole cha shahada juu. Mkato uingie theluthi moja ya unene, usizidi nusu. Kisilale kushoto wala kulia, la sivyo kinachimba chini ya jani. Vuta kuelekea kwako, geuza ngozi na si mkono, na usiruhusu mikato miwili ikatizane. Simama milimita moja kabla. Kila dakika chache kivute kwa kurudi nyuma, mara 20 hivi kila upande, juu ya kadibodi iliyogundishwa kwenye ubao na kupakwa sabuni ya kung'arishia chuma. Kisu kinachovuta ngozi ni kibutu hata kama kinanyoa ndevu.

Nimalizie kwa mafuta ya mawese? — Msomaji wa Bagira, Bukavu

Hapana, Mama. Yataitia ngozi rangi ya chungwa na baada ya muda yatanuka. Acha kazi ikauke siku nzima, paka mafuta ya zeituni kidogo sana kwa kitambaa, iache usiku. Kesho yake yeyusha nta ya nyuki sehemu moja na mafuta hayo sehemu tatu, katika bakuli lililo ndani ya maji moto, si juu ya moto wenyewe, ipake ikishapoa. Ukitaka mistari ionekane zaidi, juu ya nta hiyo paka rangi ya viatu ya kahawia iliyokoza, kisha ifute mara moja kwa kitambaa kilichokunjwa bapa: itabaki kwenye mikato tu. Ihifadhi katika kitambaa cha pamba, si katika mfuko wa plastiki.