Maswali na majibu: Je, ni mwili huu utakaofufuka?

Wiki hii nimechagua maswali matano yanayohusu ufufuo wa mwili. Baadhi nimeyafupisha.

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Kila msibani tunaambiwa kwamba marehemu ameshafika mbinguni. Ikiwa ameshafika, ufufuo wa siku ya mwisho unabaki na kazi gani?

Amina, ndugu yangu. Mahubiri yetu ya msibani yana haraka, nami nimo katika kosa hilo. Makanisa mengi hufundisha kwamba aliyekufa katika Kristo yuko pamoja naye tangu sasa; ndugu zetu Waadventista Wasabato hufundisha kwamba wafu wamelala hadi kiyama. Hata hivyo, sote twakubaliana kwamba safari haiishii kaburini wala haiishii kwa roho kukaa peke yake bila mwili. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume Wakatoliki husali wakisadiki “ufufuko wa miili”, na ile ya Nikea, kama ilivyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, humalizika kwa kungojea ufufuo wa wafu. Wazo kwamba mwili ni gereza ambalo roho hufurahi kulitoroka lilienea kwa Wagiriki, na ndiyo maana Paulo alipotaja ufufuo kule Athene baadhi ya wasikilizaji wake walimdhihaki.

Baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, akafariki mwaka uliofuata. Je, atafufuka akiwa na mguu mmoja?

Pole sana, dada yangu. Wakorintho nao waliuliza wafu watafufuka na mwili wa namna gani, na Paulo akawajibu kwa mfano wa mbegu. Nenda shambani siku chache baada ya mahindi kuota, ung’oe mche mmoja taratibu. Utaikuta punje uliyoipanda bado imeshikamana na mizizi, lakini imelegea, na ukiibonyeza kwa vidole inabaki ganda. Mche haufanani na punje ile, wala haukuletwa kutoka kwingine. Umetoka humo humo. Basi Paulo anaposema kwamba hupandwa mwili wa asili na kufufuliwa mwili wa roho, hasemi juu ya kivuli au mzimu, bali mwili ule ule uliogeuzwa na kuhuishwa na Roho wa Mungu, usioweza tena kuugua wala kuoza.

Kielelezo chetu ni Yesu mwenyewe. Jioni ya siku ile aliyofufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake, akawaambia wamshike, kisha akala kipande cha samaki mbele yao. Jambo linalonigusa kila mara ni kwamba alama za misumari zilikuwa bado zinaonekana, ingawa hazikumdhoofisha tena. Kwa hiyo naamini kwa moyo wote kwamba baba yako atasimama mzima, na kwamba Mungu hatayahesabu mateso yake kama jambo ambalo halikutokea. Zaidi ya hapo Maandiko hayatuelezi, nami sitaongeza.

Tumsifu Yesu Kristo. Kaka yetu aliyefia Ulaya ameacha wosia kwamba mwili wake uchomwe. Wazee wamekataa, wakisema kwamba aliyechomwa hawezi kufufuka.

Milele amina. Wazee wetu wakumbuke Namugongo, kule Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto pale, na hakuna Mkristo wa Afrika Mashariki anayeshuku kwamba watafufuka. Kule Lyon, Ufaransa, mwaka 177 watesi walichoma miili ya Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani na kuyamwaga majivu katika mto Rhône, kusudi wawakatishe Wakristo tumaini la ufufuo. Wakristo hawakukata tamaa. Aliyemuumba mtu kwa mavumbi hashindwi na majivu.

Kanisa Katoliki liliruhusu uchomaji wa maiti mwaka 1963, mradi usifanywe kwa kuukana ufufuo, na mwaka 2016 likasisitiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu na yasitawanywe. Nchini Kenya, Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2005, nako kulikuwa na mjadala mkali. Lakini msiwadharau wazee: uchungu wa kukosa kaburi la kulizuru ni wa kweli. Ombeni majivu yaletwe nyumbani, yazikwe kwa ibada kamili kando ya wazazi wenu.

Mhubiri alitukataza kulia, akisema kwamba machozi ni kukosa imani katika ufufuo. Ni kweli?

Si kweli. Yesu alijua kwamba muda mfupi baadaye angemwita Lazaro atoke kaburini, na bado alilia. Lieni.

Shikamoo, Mchungaji. Namwuguza mama aliyepooza kwa kiharusi, huu ni mwaka wa nne. Ndugu zangu wanasema nimeua biashara yangu kwa ajili ya mwili unaoelekea kaburini. Ufufuo unanisaidia nini leo asubuhi?

Marahaba, mwanangu. Baada ya kueleza ufufuo kwa sura nzima, Paulo hamalizii kwa kusimulia mambo ya mbinguni. Anawaambia Wakorintho wazidi kutenda kazi ya Bwana, kwa kuwa taabu yao si bure. Saa nane za usiku unapomgeuza mama ubavu ili asipate vidonda vya kulalia, na asubuhi unapomkausha maji katikati ya vidole vya miguu na kumpaka mafuta, unauhudumia mwili ambao Mungu amekusudia kuuinua. Tauni ilipoikumba Aleksandria katika karne ya 3, Askofu Dionisio aliandika jinsi Wakristo walivyowafumba wafu macho, wakawaosha na kuwavika sanda, ingawa wengi wao waliambukizwa na kufa. Imani hii ndiyo iliyowatuma, nawe uko katika safu yao.

Ila mwili wako nao ni wa Bwana, na miaka minne bila usingizi inauvunja. Waite ndugu zako wagawane zamu za usiku, na umwonyeshe mmoja wao, kwa mikono yako mwenyewe, namna ya kumgeuza mama bila kuuvuta ule mkono uliopooza.