Mleta mada, chuma hakijakuandaa kwa mbio za kasi

Ahirisha, ndugu mleta mada. Umeandika kwamba umenyanyua vyuma kwa wiki 4, kwamba uzito unaochuchumaa nao umepanda kwa kilo 20, na kwa hiyo Jumatatu unaanza mbio 10 za mita 100 kwa kasi yako yote, ukipumzika sekunde 30 baada ya kila moja. Kisha unauliza kama zitapunguza mafuta ya tumbo, na kama zoezi la kukaa ukutani, yaani kuegemeza mgongo ukutani magoti yamekunjwa kama umekalia kiti kisichokuwepo, linamfaa mtu ambaye shinikizo lake la damu limeanza kupanda. Kilichonishtua ni hiyo "kwa hiyo" yako, kwa sababu ndiyo iliyonilaza mimi chini katika mbio ya saba.

Nami nilikuwa na wiki zangu za chuma na mapaja yaliyoanza kubana suruali. Kocha wa ukumbi niliokuwa nikienda, mtu mwenye kifua kipana na jibu la kila swali, alinihakikishia kwamba mwenye mapaja yenye nguvu hachaniki msuli, na kwamba kupasha mwili moto ni mambo ya wazee. Nilimwamini kwa kuwa alisema nilichotaka kusikia. Mbio sita zilipita, ingawa kuanzia ya nne nilikuwa nikirusha miguu mbele mno na kiuno kimelegea. Katika ya saba, mita chache kabla ya mwisho, nilihisi nimepigwa jiwe nyuma ya paja la kulia, nikageuka kumtafuta aliyelirusha. Hapakuwa na mtu. Nilirudi nyumbani upande upande kama kaa, na siku ya tatu rangi ya zambarau ilikuwa imeshuka hadi nyuma ya goti, kwa maana damu iliyovuja juu hufuata mteremko.

Alichopaswa kunieleza yule bwana ni kwamba uzito unaopanda katika wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu: ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, wakati nyama yenyewe imebadilika kidogo tu, na kano zinahitaji miezi. Kilo zako 20 ni za kweli, lakini zimetoka kichwani zaidi kuliko pajani. Isitoshe, unapochuchumaa, nyonga na goti hukunjika pamoja, hivyo msuli wa nyuma ya paja haurefuki sana. Katika mbio, mguu ukishatupwa mbele, muda mfupi kabla ya wayo kugusa ardhi, msuli huohuo huvutwa ukarefuka huku ukijikaza ili kuuzuia muundi usifyatuke. Mzigo huo haupandi sawia na kasi. Kati ya asilimia 80 na 100 ya kasi yako yote, mzigo hupanda haraka kuliko kasi yenyewe, ndiyo maana mtu hukimbia mwezi mzima kwa starehe, halafu akachanika siku anayoamua kujipima.

Hizo sekunde 30 nazo ni mtego. Mbio za nguvu zote hutegemea sana fosfokreatini, akiba ya msuli inayopungua vibaya ndani ya sekunde 10 hivi, na kujaa kwake karibu yote huchukua dakika 3 hadi 5. Ukiondoka kabla ya hapo, unaegemea zaidi kuvunja glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa msulini, bila oksijeni, unachoka, na mwendo wako unaharibika bila wewe kujua.

Kanuni yangu ni moja, na nitairudia hadi mnichoke: kasi kamili huandaliwa kwa kukimbia, si kwa chuma. Chukua wiki 6, mara 2 kwa wiki, mbio zisizozidi 6 kila siku ya mazoezi, ukianza na asilimia 60 ya kasi yako na kuongeza kidogo kila wiki, na mapumziko ya dakika 3 hata ukijiona mvivu. Ongeza zoezi la kupiga magoti, mwenzako akikushika vifundo vya miguu, nawe ukijishusha mbele polepole. Tafiti za wanasoka zimeonyesha kwamba hupunguza sana kuchanika kwa msuli huu. Mimi nilipoona natembea bila kuchechemea, siku ya 18, nilikimbia tena nikachana palepale. Hilo simlaumu kocha.

Zoezi la kwanza nililoruhusiwa baadaye lilikuwa la kukaza bila kusogea: nililala chali, goti limekunjwa kidogo, nikakandamiza kisigino sakafuni sekunde 30, mara 5. Msuli ulifanya kazi bila kuvutwa. Kukaa kwako ukutani ni wa ukoo huo, na kukifanywa dakika 2 mara 4, siku 3 kwa wiki, hushusha shinikizo la damu la wakati wa kupumzika baada ya wiki kadhaa. Daktari akupime kwanza, kwa sababu wakati wa zoezi lenyewe shinikizo hupanda, na hupanda zaidi ukibana pumzi. Hesabu sekunde kwa sauti, hata wenzako wakikushangaa. Daktari akikubali, hilo anza Jumatatu. Mbio za kasi yako yote, hapana.